Pikapu inayoruka ukigusa tu mafuta: kosa ni la pedeli, la injini au la mguu?

Karibu kila anayehama kutoka gari dogo kwenda pikapu hulalamika wiki ya kwanza. Unatoka nyumbani, unagusa mafuta kidogo tu, gari linaruka mbele kama limechomwa sindano. Unaachia, linakukata shingo. Unafika kwenye tuta, unapunguza, unagusa tena, linaruka tena, na wote mliomo ndani mnatikisa vichwa kama mijusi ukutani. Mmoja atasema "pedeli yangu iko juu", mwingine "mafuta yanakuja kwa pupa", mwingine atakuambia gari lake lina hasira tu, ndivyo lilivyozaliwa. Dawa nazo haziishi: safisha nozeli, badilisha sensa, chomoa betri ilale hivyo usiku kucha, nunua kile kiboksi kinachochomekwa kwenye pedeli.

Mimi nimelipia dawa mbili za mwanzo katika orodha hiyo, na ugonjwa wenyewe sikuwa nao. Nitaeleza ilivyokuwa. Lakini kwanza tuelewane kwenye maneno, maana nusu ya pesa zinazopotea gereji hupotea kwa sababu mwenye gari na fundi wanataja neno moja huku kila mmoja akiwaza kitu chake.

Pedeli ya mafuta ni ile ya mguu wa kulia kabisa, wengine huiita ekseleta. Jina lenyewe linapotosha kidogo. Kwenye injini ya petroli, ukiikanyaga humwagi mafuta. Unafungua mlango wa hewa. Mlango huo ni kibati cha duara kilichokaa ndani ya bomba la kuingizia hewa, na mafundi huuita throto. Hewa ikiingia nyingi, ndipo injini inapimiwa petroli ya kutosha kuchanganyika nayo. Dizeli ni tofauti: yenyewe hewa huingia bila kubanwa sana, na nguvu inaamuliwa na kiasi cha dizeli kinachopulizwa ndani ya silinda. Kwa hiyo kwenye dizeli jina "mafuta" linafaa kabisa. Tofauti hii ndogo ikumbuke, kwa sababu kuna watu wanatozwa hela ya kusafisha throto ya gari la dizeli kwa ajili ya pedeli kali. Dizeli nyingi za kisasa zina kibati kwenye njia ya hewa, ni kweli, lakini kimewekwa kusaidia kurudisha moshi kwenye injini na kuizima taratibu. Sicho kinachotii mguu wako.

Halafu kuna "pedeli kali" yenyewe. Maana yake ni kwamba mguu umesogea kidogo na gari limejibu kuliko dereva alivyotegemea. Angalia hapo pana pande mbili: jibu la gari, na matarajio ya dereva. Fundi anaweza kurekebisha upande mmoja tu.

Zamani kati ya mguu na injini palikuwa na waya wa chuma. Ukikanyaga, waya unavuta, mlango wa throto unafunguka, au mkono wa pampu ya dizeli unasogea. Hilux za kabureta zilikuwa hivyo, za dizeli zenye injini ya 2L na 5L (hayo ni majina ya injini, si lita) hivyo hivyo, na Land Cruiser pikapu zenye injini ya 1HZ, zile zinazopendwa porini na migodini, ni za ukoo huo huo. Kila milimita ya mguu ilikuwa milimita ya waya. Hakuna aliyekaa katikati kutafsiri.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 BMW walianza kuuza gari lisilo na waya huo katika familia yao ya 7 Series, na taratibu karibu kila mtengenezaji akafuata. Sasa pedeli ni swichi ya kisasa. Juu yake pana sensa inayopima umekanyaga kiasi gani na kupeleka habari hiyo kwa umeme kwenye kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi. Kompyuta ndiyo inayofungua throto kwa mota ndogo, au inayoamua nozeli zipulize dizeli kiasi gani.

Mfano wa karibu ni chai. Zamani ulipewa kikombe na bakuli la sukari, unajitilia mwenyewe. Siku hizi unamwambia mhudumu "weka sukari kidogo", naye anapeleka habari jikoni. "Kidogo" ya jikoni inaweza kuwa kijiko kimoja, inaweza kuwa vitatu. Wewe hukukosea, mhudumu hakukosea, chai imekuja tamu tu. Pedeli ya kisasa ni maombi. Mguu unaomba, kompyuta inaamua, na inaamua kwa kufuata jedwali ambalo kiwanda kimeliandika ndani yake: mguu ukiomba asilimia 20, mpe kiasi hiki, ukiomba 50, mpe kiasi kile. Kiwanda kikitaka gari lionekane lina nguvu siku mteja anapolijaribu, kinapanga jedwali litoe kwa wingi mwanzoni. Ukiomba 20 unapewa 35. Mteja anasema "lo, hii mashine!" na anasaini. Miezi miwili baadaye yupo kwenye foleni ya Kimara, Dar es Salaam, mita mbili mbele, simama, mita mbili mbele, simama, na ile nguvu imegeuka adha.

Hata bila jedwali la kiwanda, maumbile ya injini yenyewe yana upendeleo huo huo. Fikiria mlango wa daladala asubuhi. Ukifunguliwa kidogo, watu wawili wanapenya. Ukifunguliwa nusu, wanaingia wote walioweza kuingia. Kuufungua wote hakuongezi mtu, kwa sababu ndani hakuna nafasi. Injini ya petroli inapozunguka taratibu huvuta hewa kidogo tu; mlango wa throto ukifika karibu robo, tayari imepata karibu hewa yote inayoweza kumeza kwa mzunguko huo. Robo tatu ya pedeli iliyobaki haibadilishi mengi mpaka mzunguko upande. Ndiyo maana mambo yote yanatokea kwenye sentimita ya kwanza ya mguu.

Sasa weka haya yote kwenye pikapu. Gari hili limebuniwa kubeba karibu tani moja nyuma na kutoka nayo kwenye matope. Gia ya kwanza ya pikapu nyingi za gia za mkono huzidisha nguvu ya injini zaidi ya mara 4, kisha difu, zile gia za kwenye ekseli, nayo huzidisha tena karibu mara 4. Ukiingiza 4L, ile gia nzito ya magurudumu manne, Hilux inazidisha tena zaidi ya mara 2 na nusu. Injini zenyewe nazo zimekua. Injini ya 5L ya zamani ilikuwa na msukumo wa kuzungusha wa karibu Nm 200 (Nm ndicho kipimo chake), ile 3.0 D-4D ya Hilux Vigo ina 343. Ya lita 2.8 iliyoingia na Hilux Revo mwaka 2015 ina 450 kwenye gia za otomatiki. Msukumo huo wote unasukuma bodi tupu lenye jeki, spea na ndoo moja. Ukimvisha mtoto koti la baba yake litampwaya. Usishangae pikapu tupu ikirukaruka. Weka magunia kumi ya saruji nyuma uone ilivyo na adabu.

Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, inaongeza ladha yake. Unakanyaga, kimya. Unaongeza mguu, bado kimya. Ghafla turbo inajaa, na ile nyongeza uliyokuwa umeiweka kwa kukata tamaa inakuja yote pamoja. Dereva analaumu pedeli, kumbe alichelewa kupewa alichoomba mwanzo, akaomba mara mbili.

Hadi hapa hakuna kilichoharibika. Nimekaa sana hapa kwa makusudi, kwa sababu pikapu nyingi zinazopelekwa gereji kwa pedeli kali ni nzima, na fundi akipewa gari zima na mteja mwenye haraka, lazima atafute cha kubadilisha.

Hilux yangu ni ya mwaka 2009, dizeli, lita 3, gia za mkono, nimeinunua mkononi kwa mtu. Ilikuwa inaruka kwenye gia ya kwanza na ya pili mpaka mke wangu akakataa kupanda nayo kwenda kanisani. Gereji ya kwanza walifungua boneti, wakasikiliza, wakasema nozeli. Nozeli zikafunguliwa, zikapimwa, zikarudishwa, nikalipa. Inaruka. Gereji ya pili walisema sensa ya pedeli, nikaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta pedeli nzima iliyotumika, ikafungwa, nikalipa. Inaruka. Wa tatu alikuwa fundi mtu mzima, hakufungua boneti kabisa. Akaniambia, "Kaa kwenye usukani, weka huru, kanyaga mafuta polepole kama unamwogopa." Nikakanyaga. Mshale wa mzunguko ukapanda taratibu kutoka 800 mpaka 2,000, laini kama uji. Akaniambia niachie, nirudie. Laini vile vile. "Kijana wangu," akasema, "injini inakutii. Sasa unailaumia nini?"

Akaweka mawe kwenye magurudumu, akazima gari likiwa kwenye gia, akaingia chini na kushika propela, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu nyuma, kwa mkono. Akaizungusha kushoto, tak. Kulia, tak. Krosi ya nyuma, yaani kiungo cha propela, ilikuwa imekwisha, na mpira wa mauntini inayoshika giaboksi ulikuwa umechanika ukabaki na ulimi mmoja.

Umewahi kuvutwa kwa kamba baada ya gari kuharibika? Kamba ikiwa imelegea, gari la mbele likiondoka husikii kitu, kisha kamba inanyooka na unapigwa kishindo. Kati ya injini na magurudumu ya nyuma kuna mlolongo mrefu wa vyuma: klachi, giaboksi, propela na krosi zake, difu, ekseli. Kila kiungo kikilegea kidogo, ulegevu unajumlishwa. Ukiachia mafuta mlolongo unalala upande mmoja. Ukigusa tena unavuka ulegevu wote bila kubeba chochote, kisha unagonga upande wa pili. Mguuni unahisi kana kwamba pedeli imeruka. Pikapu huathirika kuliko gari dogo kwa sababu injini iko mbele, magurudumu ya kusukuma yako nyuma, na propela ni ndefu. Mauntini zikichoka, injini yenyewe inainuka na kulala kila ukigusa mafuta, na hilo linaongeza kamba.

Kipimo kile cha mzee ni cha bure na ningependa kila mwenye pikapu akijue kabla ya kutoa hata shilingi. Gari likiwa limesimama, gia huru, kanyaga polepole sana. Mshale ukipanda laini na gari likaruka tu linapotembea, tatizo liko baada ya injini, au kwenye mguu. Mshale ukiruka kutoka 800 hadi 1,500 bila kupita katikati hata gari likiwa limesimama, tatizo liko kwenye pedeli, waya, throto au kompyuta. Huo ndio mgawanyiko mkubwa wa kwanza. Wengi hawaufanyi.

Tuseme mshale unaruka. Kwenye gari la waya anza na waya. Waya uliokazwa kupita kiasi unashikilia mlango wazi kidogo muda wote, gari linanguruma juu hata usipokanyaga, na ule mlegezo mdogo wa mwanzo wa pedeli haupo tena. Waya mkavu au ulioanza kukatika nyuzi ndani ya ganda una tabia nyingine, na ya throto yenye masizi ni hiyo hiyo. Unaijua droo ya kabati iliyovimba wakati wa masika? Unavuta, haitoki. Unaongeza nguvu, haitoki. Unaivuta kwa hasira, inatoka yote na vijiko vinamwagika sakafuni. Kibati cha throto kilichogandia kwenye masizi kinafanya hivyo: mguu unasukuma bila jibu, kisha kinabanduka na kufunguka kuliko ulivyotaka. Dalili yake ni kwamba ukali uko kwenye mguso wa kwanza tu. Ukishafunguka, kinachofuata ni laini.

Kusafisha throto ni kazi ndogo, lakini ina namna yake. Bomba la hewa linafunguliwa, kitambaa kinaloweshwa dawa ya throto, kingo za kibati zinapanguswa mpaka chuma kionekane. Swichi iwe imezimwa. Kibati cha umeme hakisukumwi kwa bisibisi, kina gia ndogo za plastiki nyuma yake, na swichi ikiwa imewashwa mota inaweza kukibana kidole chako. Jambo moja huwashtua watu baada ya usafi: gari linanguruma juu, sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga) inakataa kushuka. Fundi anashutumiwa kaharibu. Kilichotokea ni kwamba kompyuta ilikuwa imezoea mlango mchafu, ikajifunza kuufungua zaidi ili hewa ipite. Sasa mlango ni msafi na yenyewe bado inafungua vile vile. Gari nyingi hujirekebisha zikitembea. Nissan nyingi zinataka zifundishwe upya kwa utaratibu maalumu au kwa mashine, na fundi asiyejua hilo atakuuzia throto nyingine.

Sensa ya pedeli nayo inasingiziwa sana. Ndani yake hazimo sensa moja bali mbili, na zinapeleka habari mbili tofauti kwa makusudi. Kwenye Toyota nyingi, mguu ukiwa haujagusa, moja inasoma karibu volti 0.8 na nyingine karibu 1.6, na zote hupanda pamoja ukikanyaga. Kompyuta inazilinganisha muda wote, kama mhasibu mwenye stakabadhi mbili za mauzo yale yale. Zikipishana, haimwamini yeyote: inawasha taa ya injini, inaandika kosa kama P2138, na kulipunguza gari nguvu mpaka litambae. Kwa hiyo sensa iliyokufa kwa kawaida hulifanya gari kuwa zito. Hailifanyi kichaa. Zile za zamani zenye kijiti kinachosugua njia ya kaboni zinaweza kuchakaa sehemu moja na kuruka kidogo kabla ya kufa, hilo linatokea; za sasa hutumia sumaku na hazisuguani. Ukipelekwa kwenye mashine, usiridhike na "hakuna kosa". Mwombe fundi akuoneshe namba zikitembea: asilimia ya pedeli na, kwa petroli, asilimia ya throto, huku wewe ukikanyaga polepole. Kama pedeli inapanda 5, 6, 7, 8 bila kuruka, iache pedeli kama ilivyo.

Tuje kwenye kiboksi. Kinachomekwa kati ya plagi ya pedeli na waya wa gari, na kazi yake ni moja: kumdanganya mhudumu. Mguu ukisema 20, chenyewe kinaiambia kompyuta 40. Wauzaji husema kinaongeza nguvu. Hakiongezi hata chembe. Ukikanyaga mpaka chini ni 100, na hakuna 120. Kinachofanya ni kuileta nguvu ile ile mapema, yaani kinatengeneza ugonjwa tunaouzungumzia. Cha kuchekesha ni kwamba vingi vina pia upande wa kupunguza, ambapo mguu ukisema 20 kinapeleka 12, na huo ndio upande pekee ungemsaidia mtu mwenye pikapu kali. Ukikinunua, kinunue kwa ajili hiyo, kisiwe cha bei ya peremende, maana plagi mbovu hapo itakuzimia gari mlima Kitonga.

Na kabla ya kukinunua, chungulia kama hukinacho tayari. Pikapu za mkononi zimepita kwa watu. Washa tochi, fuata waya unaotoka juu ya pedeli ya mafuta. Ukikuta kijisanduku chenye plagi mbili kimefungwa kwa kamba ya plastiki nyuma ya dashibodi, zima gari, kitoe, chomeka plagi ya kiwanda moja kwa moja, uone. Vivyo hivyo kompyuta inaweza kuwa imeandikwa upya na mwenye gari wa kwanza aliyependa mbio. Hiyo haionekani kwa tochi, na suluhisho ni kumpata anayeweza kuirudishia jedwali la kiwanda.

Kuchomoa betri? Kunafuta yale mambo madogo ambayo kompyuta imejifunza, kama kiwango cha sailensi. Jedwali la kiwanda halifutiki hata betri ikikaa kabatini mwaka mzima. Ukihisi gari limetulia siku mbili baada ya kuchomoa, mara nyingi ni wewe uliyekuwa unakanyaga kwa adabu ili uone kama limepona.

Kuna pia ufundi wa nyumbani ambao ni hatari kabisa. Nimeiona pikapu ya mchanga iliyofungwa mpira wa baiskeli kuanzia kwenye pedeli mpaka chini ya dashibodi, ili pedeli iwe ngumu. Wazo si la kijinga, pedeli ngumu kweli hupunguza ukali. Lakini mpira huo ukikatika au ukijikunja pasipofaa unaweza kuizuia pedeli kurudi, na hapo umehama kutoka gari linaloruka kwenda gari lisilosimama. Hizo ni shida mbili tofauti, na watu huzichanganya.

Pedeli kali inarudi ukiachia. Pedeli iliyokwama hairudi. Marekani walipitia sintofahamu hiyo kwa sauti kubwa mwaka 2009 na 2010. Magari ya Toyota yalidaiwa kuondoka yenyewe, na wengi walishawishika kwamba kompyuta imepata wazimu. Toyota waliita magari kwa mamilioni yarudi kurekebishwa, zikiwemo pikapu za Tacoma na Tundra, kwa sababu ya mati za sakafuni zilizoweza kuinasa pedeli; Januari 2010 wakaita mengine milioni 2.3 kwa pedeli zilizoweza kuchelewa kurudi. Mamlaka ya usalama barabarani iliwaomba wahandisi wa NASA wachunguze umeme wa magari hayo, na Februari 2011 ripoti ikatoka: hawakupata kasoro ya umeme iliyoweza kulifanya gari lipae. Walibaki na mati, pedeli zinazonata, na madereva waliokanyaga mafuta wakidhani ni breki. Hilo halikuisafisha kampuni. Mwaka 2014 ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa namna ilivyowaeleza wateja kuhusu hatari hiyo. Lakini aliyeshitakiwa zaidi mitaani, kompyuta, hakukutwa na hatia, na mati ya mpira ilikutwa nayo.

Kwa hiyo angalia sakafu yako. Yangu ilikuwa na mati mbili, moja juu ya nyingine, ya juu haina ndoano na ilikuwa imesogea mbele kiasi cha vidole viwili. Ikitokea pedeli ikakwama kweli, kanyaga breki kwa nguvu mara moja na ushikilie. Usiipampu, maana injini ikiwa inanguruma hivyo msaada wa breki unaweza kuisha kwa kila pampu na pedeli ikageuka jiwe. Weka gia huru, iache injini ipige kelele, pembeza gari, ndipo uzime. Usizungushe ufunguo mpaka mwisho gari likitembea, usukani unaweza kujifunga. Kwa gari la kitufe, shikilia kitufe sekunde tatu au zaidi.

Umebaki mguu. Nimeuacha mwisho kwa sababu hakuna anayependa kuambiwa ni yeye. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, gari likiruka mwili unarushwa nyuma, mguu unanyanyuka, gari linapungua, mwili unarushwa mbele, mguu unakanyaga, gari linaruka tena. Mwili wako umekuwa sehemu ya mashine. Ikiwa kiti kiko karibu mno, kisigino hakigusi sakafu na unakanyaga kwa paja zima. Paja ni la kubebea gunia. Kazi ya kushona iachie kifundo cha mguu. Sogeza kiti, tuliza kisigino chini, ukingo wa kiatu uegemee ukuta wa katikati kama unafika, na kanyaga kwa ncha. Gambuti na yeboyebo ziache nyuma. Baada ya tuta usiombe mwendo papo hapo: gusa kidogo mno, subiri mlolongo unyooke, kisha ongeza. Ingiza ya pili mapema ukiwa tupu. Na kama una Revo, kitufe cha ECO hakikuwekwa kwa ajili ya mafuta peke yake. Kinamfundisha mhudumu kuweka kijiko kimoja. Kama kile cha PWR kimewashwa na hujui aliyekiwasha, huenda umepata jibu lako lote hapo.

Likibaki la kwenda gereji, usiende na neno "kali". Sema linaruka likiwa limesimama au likitembea, gia ipi, tupu au na mzigo, la baridi au la moto. Mimi siku hizi nasema hivi: "Fundi, likiwa limesimama mshale unapanda vizuri. Nikiwa gia ya pili, nikiachia na kugusa tena, nasikia tak chini nyuma. Likiwa na mzigo halina neno." Fundi akisikia hivyo haendi kwenye boneti. Anaomba tochi na kipande cha boksi la kulalia.